Mguu Chini, Kaka Rajabu?

Mimi ni mtu mwenye wivu. Nawaambia mapema, vijana wangu, kwa sababu nyie mnaokuja kukaa kwenye benchi langu hapa Tandika na kuniuliza habari za injini za zamani mnadhani mnazungumza na fundi mstaafu tu. Fundi nilikuwa, tena mzuri, sitajishusha. Ila wivu niliuanza kabla sijashika spana, na spana nimeiweka chini lakini wivu haujaniacha. Mke wangu Zuhura husema kuku wa jirani akitaga mayai mawili, anayeumwa ni mimi.

Juzi mliniita kwenye gereji yenu nikaone mashine mpya. Mkachomeka waya chini ya usukani, kidude kikawaka taa, kikaandika kwamba silinda ya tatu ina kasoro. Nikasema, "Hongereni." Nikarudi nyumbani nimenuna mpaka magharibi. Sisi tulipoteza nusu siku kuijua hiyo silinda ya tatu, na tuliijua baada ya vidole kuungua.

Sasa mmeniuliza jinsi tulivyopima kompresheni kwa mkono. Nitawaeleza, na nitawaeleza pia jambo nililolifanya katika kupima huko, ambalo nimelibeba miaka mingi.

Pistoni ikipanda huikandamiza hewa iliyo juu yake. Ringi zinazoizunguka pistoni zikiwa nzima na valvu zikiziba sawasawa, hewa inabanwa kweli kweli, na gari inakuwa na nguvu. Kukiwa na upenyo, hewa inatoroka, na gari inapanda mlima kwa kuomba dua. Kupima kompresheni ni kuichomoa plagi, kuweka geji kwenye tundu lake, kupiga starta, na kusoma hewa imebanwa kwa kiasi gani. Ukisikia hivyo unaona ni kazi ya dakika tano. Subiri.

Kwanza injini iwe ya moto. Ukipima ya baridi, ringi hazijatanuka, utapata namba za uongo. Kwa hiyo plagi unazifungua zikiwa moto, na hizi alama mnazoziona mkononi mwangu si za vita. Pili, betri iwe na nguvu. Tatu, chomoa plagi zote, si moja, na waya wa koili, ule unaopeleka moto kwenye plagi, uutoe usije ukakupiga. Nne, na hili nililijua kwa aibu, kabla hujafungua plagi puliza vumbi kuizunguka.

Mchanga wa Temeke mnaujua, unaingia hata kwenye pilau. Mara yangu ya kwanza nilifungua plagi bila kupuliza. Mchanga ukadondoka ndani ya silinda, na nilipopiga starta tukausikia unasaga. Mkuu wetu wa karakana, Mzee Mshamu, alikuwa amesimama mlangoni na kikombe chake cha kahawa. Hakupiga kelele. Alisema, "Rajabu, umemlisha mwenzio mchanga. Na wewe leo usile mpaka umsafishe." Sikula. Tangu siku hiyo nilitembea na pampu ya baiskeli, na plagi sikuwahi kuigusa kabla ya kuipulizia pembeni.

Mzee Mshamu alijifunza ufundi kabla ya Uhuru katika karakana za serikali. Baada ya Azimio la Arusha, mafundi wanane wa Temeke tuliunganisha spana zetu tukawa karakana moja ya ushirika, banda la bati lenye kibao cha rangi nyekundu, na yeye tukamfanya mkuu. Alikuwa akiswali msikiti mmoja na marehemu baba yangu. Kila mtu tulimwita ndugu, na kila asubuhi tulikaa kikao kabla ya kufungua boneti yoyote. Vifaa vyote vilikuwa vya wote, isipokuwa kimoja. Geji ya kompresheni ilikuwa yake mwenyewe, aliihifadhi kwenye kopo la sabuni, imefungwa kwa kipande cha kanga. Hakuna aliyeigusa bila ruhusa. Na wote tulijua kwamba siku atakapopumzika, atakayeachiwa kopo lile ndiye atakayekuwa mkuu.

Nilijua ni mimi. Nilikuwa wa kwanza kujiunga, nilikuwa mwenyeji, nilikuwa mtoto wa rafiki yake. Nilikwisha kumwambia Zuhura mahali nitakapoliweka kopo nyumbani.

Halafu akaja Damiani.

Alitoka kusini, upande wa Newala, Mmakonde mrefu mwenye sauti ndogo, amevaa makatambuga ya mpira wa gari. Alikuwa amefanya kazi kwenye matrekta ya mashamba ya mkonge. Wanasema mgeni njoo, mwenyeji apone. Mimi mwenyeji sikupona, niliugua. Maana Damiani alikuwa na kidole gumba ambacho sijakiona tena kwa binadamu mwingine. Alikibana kwenye tundu la plagi, mtu akapiga starta, hewa ikamsukuma kidole, naye akasema, "Hii nzuri. Hii nzuri. Hii imechoka kidogo. Hii nzuri." Mzee Mshamu akaja na geji kumhakikisha. Geji ikasema vilevile.

Mwezi haukuisha, nikaanza kusikia, "Damiani mwanangu, hebu njoo usikilize hii." Mwanangu! Mimi miaka yote aliniita Rajabu.

Kuna jambo jingine lililonikata maini. Ncha ya geji ile ilikuwa na mpira mfano wa kizibo, unaoubana kwenye tundu hewa isivuje. Ukachakaa. Mwingine haukupatikana, zilikuwa zile zama ambazo hata sukari ulipanga foleni. Nilijaribu kuukata kutoka kwenye ndala, ukavuja. Nikajaribu kwa kandambili nzito zaidi, ukavuja. Damiani akachukua kisigino cha kiatu cha mvua, akakaa chini na kisu kidogo, akachonga mchana kutwa kama ndugu zake wanavyochonga mpingo. Ukakaa kwenye tundu vizuri kuliko ule wa kiwandani. Mzee Mshamu aliugeuzageuza mkononi, akaufunga kwenye kanga pamoja na geji. Nilienda nyuma ya banda nikajifanya natafuta jeki.

Nyumbani napo hapakuwa na nafuu. Siku moja Damiani alipita kuniletea spana niliyoisahau, akamwamkia mama yangu kwa adabu, akakataa kiti mpaka aambiwe mara tatu. Alipoondoka Zuhura akasema, "Yule Mmakonde ana heshima." Nikamuuliza, "Na mimi?" Akacheka. Wiki nzima nilikula chakula bila kukisifu.

Sasa sikilizeni vizuri, maana kanuni ya tano ndiyo yenye kisa. Kompresheni hupimwa na watu wawili. Mmoja yuko mbele, ameubana mpira wa geji kwenye tundu. Mwingine yuko kwenye kiti cha dereva, anapiga starta. Huyu wa kwenye kiti lazima awe ameikanyaga pedali ya mafuta mpaka sakafuni, na aishikilie hapo. Pedali ikikanyagwa, mlango wa hewa kwenye kabureta unafunguka, silinda zinavuta hewa ya kutosha. Usipoikanyaga, mlango umefungwa, silinda zinanyonya kidogo, na geji itasoma chini hata kama injini ilitoka kiwandani jana.

Tena boneti ikiwa imeinuliwa, aliye kwenye kiti haonwi na aliye kwenye geji. Kwa hiyo wa geji huuliza, "Mguu chini?" Wa kwenye kiti hujibu, "Chini." Basi, kazi inaendelea. Kwetu karakanani, kuzunguka mlangoni kwenda kumchungulia mwenzako mguu baada ya kukujibu lilikuwa tusi. Mzee Mshamu alisema fundi asiyeaminika kwenye jambo dogo kama hilo aende akauze njugu.

Ikaja pikapu ya wachongaji. Wachongaji hao walikuwa ndugu zake Damiani, chama cha Wamakonde waliochonga mpingo upande wa Mwenge, na mwenyekiti wao alikuwa Mzee Luka. Pikapu yao kuukuu ya Kiingereza, silinda nne, ndiyo iliyowaletea magogo kutoka bara. Ikawa ikifika mlima wa Kimara inakohoa na kusimama, na wachongaji wanashuka kusukuma. Bila gari hakuna mpingo, na bila mpingo familia zao zingekaa na tindo zimelala.

Mzee Luka aliileta kwa Damiani kwa sababu ni mtoto wa nyumbani. Walizungumza Kimakonde pale mlangoni, wanacheka, wamesahau kama kuna watu wengine duniani. Damiani akamwambia dereva wao akanyage na kupiga starta. Akapitisha gumba kwenye matundu yote manne. Akasimama, akafuta mikono. "Injini nzima hii, baba. Tatizo liko kwenye mafuta. Nitasafisha kabureta, kesho mnapanda Kimara."

Mzee Luka akamshika bega. Mimi nikaona bega lile linavyoshikwa.

Kesho yake kwenye kikao nikanyoosha mkono. "Ndugu zangu," nikasema, "hii ni karakana ya ushirika. Gari ya chama cha wananchi haiwezi kutolewa hapa kwa neno la kidole gumba. Geji ipo ya kazi gani?" Nilisema kwa sauti ya mtu anayejali umma. Wenzangu wakaafiki.

Mzee Mshamu akakuna kidevu. "Rajabu kasema kweli. Ipimwe." Akaenda akaleta kopo la sabuni. Nikanyoosha mkono nilipokee. Akanipita, akampa Damiani. "Pima wewe, uandike namba, utie sahihi. Mie mwisho wa mwezi napumzika, nataka nione." Kisha akanigeukia mimi. "Rajabu, kaa kwenye kiti, umsaidie mwenzio."

Vijana, sikupanga. Hilo nawaapia. Nilikwenda mpaka kwenye kiti nikiwa na nia ya kukanyaga. Injini ilikuwa imepashwa moto, plagi zimetoka, yeye kazipulizia kwa pampu yangu ya baiskeli. Nikakaa. Boneti imeinuliwa mbele yangu, sioni mtu. Nikasikia sauti yake ndogo kutoka nyuma ya lile bati.

"Kaka Rajabu, mguu chini?"

Kaka Rajabu. Aliniita kaka siku zote. Nikatazama mguu wangu. Ulikuwa umelala pembeni ya pedali, haujaigusa. Nikawaza lile kopo lilivyonipita usoni.

"Chini kabisa," nikasema.

Nikapiga starta. Injini ikazunguka, cha cha cha cha cha. "Themanini," akasema Damiani. Silinda ya pili, themanini. Ya tatu, pungufu kidogo. Ya nne, themanini. Injini ya namna ile ilipaswa kusoma mia na thelathini na kitu.

Nikasikia akiitoa geji. Nikajua ameweka gumba, kwa sababu alisema, "Piga tena." Nikapiga, mguu pembeni. Gumba nalo likasukumwa kinyonge.

"Kaka Rajabu. Mguu chini kweli?"

"Damiani, nimekwambia chini. Au unataka kuja kunichungulia?"

"Hapana, kaka. Haya."

Mzee Mshamu alipoisoma ile karatasi alikunja uso. Hapa nawafundisha tena, muandike. Silinda moja ikiwa chini, itie kijiko cha oili, upime tena. Namba ikipanda, ringi zimekwisha. Isipopanda, valvu ndizo zinavuja. Silinda mbili zinazofuatana zikiwa chini, tazama gasketi ya hedi, kile kifuniko cha juu ya silinda. Lakini zote nne zikiwa chini kwa usawa, usiifungue injini. Jichunguzeni nyie wapimaji kwanza, maana injini haizeeki kwa mstari ulionyooka namna hiyo.

Mzee alilijua hilo kuliko mimi. Akauliza, "Zote sawa? Mguu ulikuwaje?"

Hakuniangalia mimi. Alimwangalia Damiani, kwa kuwa ndiye mwenye sahihi.

Damiani akajibu, "Mguu ulikuwa chini, Mzee. Nilimuuliza, akasema chini."

Alinidhamini. Hakusema labda. Mzee Mshamu akahema, akasema kama ndivyo basi injini ifunguliwe. Na mimi nilisimama pale, pampu mkononi, nikaliacha neno lipite.

Tukafungua hedi, tukafungua sampu, bakuli la oili la chini, tukasukuma pistoni nje. Kuta za silinda zilikuwa safi, ukijitazama unajiona. Ringi nzima. Lakini ringi za zamani ni za chuma kigumu, hazipendi kutolewa na kurudishwa. Mbili zilikatika wakati wa kuzitoa. Moja ilikatika mkononi mwangu, na hiyo niliivunja bila kukusudia, kama mnaweza kuniamini. Sasa gari iliyokuwa nzima ikahitaji ringi kweli, na ringi za saizi ile mjini hazikuwepo. Tukaandika maombi ya kibali cha kuziagiza nje, tukasubiri. Pikapu ikapandishwa juu ya matofali ikakaa masika yote na zaidi, kuku wakaatamia kwenye bodi yake.

Mzee Luka alikuja mara tatu. Mara ya kwanza alipiga kelele. Mara ya pili alituliza sauti, akaeleza kuwa vijana wake wawili wameacha kuchonga wamerudi kusini. Mara ya tatu alisimama mbele ya Damiani akamwambia kwa Kiswahili, polepole, "Bwana fundi, gari yetu itakuwa tayari lini?"

Kwa Kiswahili. Bwana fundi. Damiani akamjibu kwa Kimakonde, mzee akakaa kama hajasikia mpaka akajibiwa kwa Kiswahili. Na tangu siku hiyo hakumsemesha tena kwa lugha yao. Nilimwona Damiani anarudi kwenye kazi yake, akaokota spana, akaiweka chini, akaiokota tena ileile.

Mnadhani niliona huruma? Niliona, lakini wivu ulikuwa umeshakalia kiti. Kabla ya hayo yote, mwisho wa mwezi uleule wa kupima, Mzee Mshamu alinikabidhi kopo la sabuni mbele ya kikao. "Rajabu," akasema, "shika." Neno moja tu, basi. Nililibeba mpaka nyumbani kifua mbele. Zuhura akauliza, "Na Damiani je?" Nikalisukuma kopo chini ya kitanda.

Mwiba wa kujichoma hauambiwi pole. Siku ya kwanza kupima nikiwa mkuu, aliyepangwa kukaa kwenye kiti alikuwa fundi mwingine. Nikauliza, "Mguu chini?" Akajibu, "Chini." Nikasoma geji, namba ikawa ndogo. Nikaacha geji, nikazunguka mbio mpaka mlangoni, nikachungulia. Mguu ulikuwa sakafuni, umenyooka. Injini ndiyo iliyokuwa mbovu. Yule ndugu alinitazama, akashuka, hakunisemesha mpaka jioni. Nikaomba radhi. Wiki iliyofuata nikachungulia tena mguu wa mwingine. Sikuweza kujizuia. Ninyi mtu akiwaambia chini mnasikia chini. Mimi nilisikia sauti yangu mwenyewe ikisema chini kabisa.

Ikafika mahali hakuna aliyetaka kunikalia kitini. Walisema mkuu ana ugonjwa wa miguu. Akabaki mmoja tu aliyekubali, naye ni Damiani.

Na Damiani alikuwa na mtindo wake. Kabla ya kukaa alifungua mlango wa gari mpaka mwisho, akauacha wazi. Akavua katambuga la kulia, akaliweka chini mahali ninapoliona. Akapeleka mguu mtupu kwenye pedali, akaikandamiza mpaka sakafuni, ndipo akasema mwenyewe kabla sijauliza, "Mguu chini, kaka." Nilikuwa nikiona unyayo wake kwa kuinama kidogo tu, sikuhitaji kuzunguka. Nilijiambia labda ndivyo walivyozoea kwenye matrekta. Miaka mingi tulipima hivyo, mimi na geji yenye mpira aliouchonga yeye, yeye na mguu mtupu. Na bado nilimwonea wivu! Wateja walimpenda. Mafundi walimsogelea wakati wa chai. Mimi nilikuwa na kopo.

Pikapu ya wachongaji ilipata ringi hatimaye, ikaondoka, lakini chama kilikuwa kimeshapungua. Miaka ikapita, Mzee Luka akafariki. Karakana nzima tulikwenda msibani Mwenge. Mzee mmoja wa kwao akatoka na kuita kwa majina vijana wa nyumbani wa kubeba jeneza. Akaita mmoja mmoja. Damiani alikuwa amesimama ubavuni mwangu, amekwisha kukunja mikono ya shati. Majina yakaisha. Akaikunjua, akafunga vifungo. Akakaa kwenye jamvi la wageni pamoja nasi.

Ningeweza kusema pale. Wenyewe walikuwepo wote. Niliogopa. Mzee Mshamu naye alikuwa keshatangulia, na nilijidanganya kwamba aliyestahili kuambiwa ameondoka na siri imezikwa naye.

Damiani aliamua kurudi kwao kulima korosho. Siku yake ya mwisho karakanani kulikuwa na Landrova ya kupimwa. Alishaanza kufungua mlango na kuinama kuvua katambuga. Sijui nini kilinishika. Nikamwambia, "Damiani, leo shika wewe geji. Mie nitakaa kwenye kiti."

Akanitazama. Tangu siku ya pikapu hakuwahi kuishika ile geji. Akaipokea, akaupangusa ule mpira wake kwa kidole gumba, akaenda mbele. Nikakaa. Boneti imeinuka mbele yangu, sioni mtu.

"Kaka Rajabu, mguu chini?"

Ulikuwa chini. Nilikuwa nimeikandamiza pedali mpaka sakafuni. Nikafungua mlango, nikavua kiatu, nikakitupa nje akione.

"Njoo utazame," nikasema.

"Mie sichungulii mguu wa mwenzangu. Sema tu."

"Damiani. Siku ile ya pikapu ya Mzee Luka, mguu haukuwa chini."

Nikasikia mtu akipiga nyundo banda la pili. Nikangoja anitukane, nikangoja aje mlangoni anivute kwa shati. Nilitamani aje.

"Hiyo naijua, kaka," akasema. "Gumba lilijua palepale. Nauliza wa leo."

Vijana wangu, geji ninayo mpaka sasa, imo kwenye kopo chini ya kitanda, na mpira ule bado unabana. Mnaweza kuja kuiona. Lakini nilichokisikia nyuma ya boneti siku ile ndicho nilichokuwa nakitamani tangu mwanzo bila kukijua jina, na hakigawiwi na mkuu wa karakana. Namwonea wivu hata ninapowaeleza.

"Chini," nikasema.

"Haya, piga."

Nikapiga starta. Akasoma namba, akaziandika, akatia sahihi. Hakuja kutazama.